Mlima Wenyewe Unakushusha

Tangu Jumapili jioni kuna sentensi moja ambayo haijaniacha. Salumu, mnayemfahamu tangu alipokuwa mtoto wa kunifichia dira chini ya mito ya viti, aliitamka akiwa amesimama mlangoni, mkoba begani, kwa upole wake wa siku zote. Nilikuwa nimemwuliza kama yeye na wenzake, wanaokwenda kupanda mlima, wameipanga njia ya kushuka kwa makini yaleyale waliyoipangia njia ya kupanda. Akatabasamu. "Shangazi, kushuka kuna nini cha kupanga? Mlima wenyewe unakushusha." Kaka akapiga honi nje, Salumu akaniaga, wakaondoka, nami nikabaki na jibu mdomoni.

Wiki yenyewe haikuwa ndogo: dada amehamia nyumba mpya, kazini nimekabidhiwa kundi jipya la wanafunzi wa uongozaji wa milimani, na ile barua niliyoisubiri tangu mwaka jana imefika na habari njema. Hata hivyo, kila ninapokaa kimya kidogo ninamwona Salumu ameshika kitasa, ninamsikia akisema "mlima wenyewe", na ninaanza kumjibu upya.

Hakunikosea adabu, hajawahi. Kinachonichoma ni kwamba alichosema kina nusu ya ukweli. Mlima unakushusha, hilo halina ubishi, lakini mlima haujui kambi yako iko wapi. Uzito wa mwili unakuvuta kwa njia fupi kuliko zote, na njia fupi mlimani mara nyingi ni korongo linaloanza kwa upole na kuishia kwenye genge.

Jibu langu la kwanza, lile nililompa kichwani usiku uleule, lilikuwa la mwavuli. Mbavu zote za mwavuli uliofunguliwa zinakutana kwenye ncha. Anayepanda kwa kuufuata ubavu wowote atafika nchani hata akiyumba kidogo kushoto au kulia, kwa kuwa migongo ya mlima inazidi kukaribiana kadiri anavyopanda, na umbo la mlima linamrudisha. Anayeshuka hana msaada huo. Kule juu mbavu zimebanana, hatua chache tu zinautenga mgongo unaokwenda kambini na ule unaokwenda bonde jingine kabisa, na kila anapozidi kushuka, nafasi kati ya hiyo miwili inapanuka. Akikosea uelekeo kwa nyuzi 10 tu, baada ya kilomita moja atakuwa ameachana na njia yake kwa zaidi ya mita 170, na huenda katikati pana ukuta wa mwamba usiovukika. Kosa la mwanzo halihisiwi, kwa sababu chini ya miguu bado ni theluji ileile na mteremko uleule.

Jibu la Jumatatu lilihusu macho. Mteremko uliobenuka haumwonyeshi anayeshuka kilicho chini yake: anaona theluji inayoinama taratibu, kisha bonde la mbali, na genge lililo katikati limefichwa na ubenuko wenyewe. Zaidi ya hayo, mahali alipopapita alfajiri akiwa amepapa kisogo sasa anapaona kwa upande asioujua na kwa mwanga mwingine, huku nyayo zake zimefukiwa na upepo au zimeyeyushwa na jua. Ukungu ukiungana na theluji, mbingu na ardhi huwa weupe mmoja, na mtu hushindwa kutambua hata kama mguu unaofuata unakanyaga juu au chini. Mwaka 2009 mtafiti Jan Souman na wenzake walionyesha kwamba watu waliojaribu kwenda moja kwa moja katika msitu wa Ujerumani na katika jangwa la Sahara walizunguka wakarudi kwenye njia yao wenyewe pale jua au mwezi ulipofichika, nao waliamini wamenyooka. Watu hao walikuwa kwenye ardhi isiyo na magenge, na hewa ya kutosha vifuani.

Kwa sababu hiyo, juu ya Ben Nevis huko Uskoti, mlima wa mita 1,345 tu, wapandaji hawakiachi kilele chenye ukungu kwa kubahatisha. Hushika uelekeo wa nyuzi 231, zikipimwa kutoka mistari ya kaskazini ya ramani, kwa mita 150 hivi, ndipo hugeukia nyuzi 282. Upande mmoja kuna magenge ya kaskazini, upande wa pili kuna korongo liitwalo Five Finger Gully, na watu wamekufa humo wakidhani wako njiani. Kipande kifupi hivyo, kwenye mlima usiofika hata theluthi ya ile mirefu ya Himalaya, kinahitaji dira, namba na mtu wa kuhesabu hatua.

Jumanne nikamkumbuka Hermann Buhl, mpandaji milima wa Austria, na tangu hapo mazungumzo yangu na Salumu pale mlangoni yakawa na mtu wa tatu. Buhl ndiye aliyefika wa kwanza kwenye kilele cha mlima Nanga Parbat, mita 8,126, tarehe 3 Julai 1953, peke yake, bila oksijeni ya chupa. Usiku ulimkuta njiani akaupitisha wima kwenye mwamba, akashuka hai. Tarehe 9 Juni 1957 alisimama juu ya mlima mwingine, Broad Peak. Siku 18 baadaye yeye na mpandaji mwenzake Kurt Diemberger walikuwa kwenye Chogolisa, mlima wa zaidi ya mita 7,600, na dhoruba ikawageuza kabla ya kilele. Walishuka bila kufungana kamba, Diemberger mbele na Buhl nyuma, katika upepo uliofuta kila kitu. Diemberger alipogeuka hakumwona mwenzake. Aliporudi juu alikuta nyayo za Buhl zimeiacha njia na kunyoosha hadi ukingoni, kwenye theluji iliyojengwa na upepo ikaning'inia hewani bila mwamba chini yake, na ukingo huo ulikuwa umevunjika. Mwili wake haukupatikana.

Nimeisoma habari hiyo tangu ujana wangu na bado inanitia simanzi, kwa sababu hakuna ndani yake uzembe ninaoweza kuunyooshea kidole na kupumua. Buhl aliujua mlima kuliko karibu watu wote wa zama zake, alikuwa na mwenzake wa kumfuata, na alipotea kwa hatua chache tu. Mlima wenyewe ulimshusha.

Hapo bado sijakigusa kichwa cha mtu. Kwenye mita 5,500 shinikizo la hewa ni kama nusu ya lile la usawa wa bahari, na kwenye kilele cha Everest ni theluthi moja hivi. Ubongo unaokosa oksijeni huamua polepole, hung'ang'ania wazo la kwanza, na jambo baya kuliko yote, hujiona uko timamu. Tarehe 10 Mei 1996, kundi la wapandaji waliokuwa wakirejea kutoka kilele cha Everest lilifika South Col, sehemu iliyobonyea kama tandiko kati ya vilele viwili, karibu mita 7,900, gizani na katikati ya dhoruba. Mahema yao yalikuwa umbali wa mita mia chache tu. Walitangatanga hadi karibu na ukingo wa Kangshung, ukuta wa mashariki wa Everest, wakalazimika kukaa na kukumbatiana, na ni mawingu yalipopasuka na nyota kuonekana ndipo waliokuwa na nguvu walipojua pa kuelekea. Mwongozaji Anatoli Boukreev alitoka kambini akawaleta watatu zaidi. Yasuko Namba, mmoja wa wapandaji hao, alifariki pale.

Basi hivyo ndivyo nilivyokuwa hadi Jumatano: mtu mzima anayejibizana na kijana asiyekuwepo, kila jibu refu kuliko lililotangulia, nikisikia tena na tena honi ya kaka.

Alhamisi mchana simu ikalia, ujumbe wa Salumu: "Shangazi, ni mahali gani hasa natakiwa kugeuka na kutazama nyuma?" Niliusoma nikiwa nimesimama, nikaketi, nikausoma tena. Hakuuliza kwa nini. Aliuliza mahali gani. Nikamwandikia kwamba ageuke kila njia inapokunja, kila migongo inapokutana, kila watakapotoka kwenye mwamba wakaingia kwenye theluji, na apige picha akiwa ametazama chini, kwa sababu hiyo ndiyo sura atakayoihitaji saa za kurudi. Wachomeke vijiti vyenye vibendera mahali pa wazi, kwa nafasi ambayo kutoka kimoja utakiona kinachofuata hata katika ukungu. Wakubaliane saa ya kugeuka wakiwa bado kambini, vichwa vikiwa na hewa. Simu yenye ramani ikae ndani ya nguo, maana baridi huiua betri bila kutoa onyo, na dira isiachwe kwa kutegemea simu hiyo. Nikamtahadharisha pia kuhusu altimeta, chombo kinachokadiria kimo kwa shinikizo la hewa: dhoruba inapoingia shinikizo la hewa hushuka, na chombo hicho husema uko juu kuliko ulipo, hivyo anayeshuka huipita kona yake akiamini bado haijafika.

Akajibu baada ya muda: "Na kama mimi nadhani tumepotea, lakini wenzangu wanataka kuendelea kushuka?"

Hilo ndilo swali ambalo wanafunzi wangu wa uongozaji huchukua miezi kulifikia, naye amelifikia kabla ya safari. Nilitembea chumbani kabla ya kumjibu. Nikamwambia wasimame, pasiwe na hatua nyingine ya kushuka wala mtu kujitenga kwenda kuchungulia, kisha warudi juu hadi mahali pa mwisho ambapo wote wana hakika napo. Miguu itakataa, kwani kupanda tena mita 100 ukiwa umechoka kunaonekana ni adhabu, na makundi mengi huendelea kushuka kwa sababu hiyo tu. Wasifuate mkondo wa maji, kwa kuwa maji hayaogopi maporomoko. Giza likiwakuta, wajikinge na upepo, wavae kila walicho nacho na kungoja kuche, badala ya kupapasa korongoni kwa tochi.

"Nimeelewa," akaandika, "nitawasomea wenzangu. Ila Baba asiyaone haya."

Sijamwonyesha. Lile jibu lililokuwa likinizunguka tangu Jumapili limetulia, nami leo nimefanya kazi kutwa nzima bila kuliendea, na hata kundi langu jipya limenishangaa nilivyochangamka. Sasa kinachonisumbua ni kikohozi cha Mama. Tangu juzi kinamwamsha usiku, anasema ni vumbi, hataki kusikia habari za daktari, na dada hapokei simu.