Furu walikuwa wanafanya kazi gani?

Juzi nilipita Mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza, kununua dagaa wa kupeleka nyumbani, nikamuuliza mama mmoja pale kama ana furu. Akaniangalia, akasema mwanangu furu sa hivi utawaokota humo humo ndani ya dagaa, wa kukupimia peke yao sina. Nikalipa dagaa wangu nikaondoka ila moyo ulibaki pale. Mi nimezaliwa Ukerewe 1978 na samaki wa kwanza ninayemkumbuka maishani sio sangara, ni furu wa bibi wameanikwa juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba, jua linawapiga kutwa nzima na mimi nimekaa pembeni na kijiti nafukuza kunguru.

Kwa asiyewajua, furu ni visamaki vidogo, wengi hawazidi kiganja, miba kibao, ukila na ugali lazima utulie. Ziwa Victoria lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu na karibu wote hawapatikani kwingine kokote duniani. Watafiti walipopima ziwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikuta kama asilimia 80 ya uzito wa samaki wote ni hao hao furu. Na bado kwenye makaratasi ya wataalamu waliitwa samaki takataka, kwa sababu ni wadogo na hawana soko la maana. Hilo neno linaniuma mpaka leo maana takataka hiyo ndo imemlea mama yangu na ndugu zake saba.

Sasa kama kitu umeshakiita takataka huoni ubaya wa kukibadilisha na kingine. Miaka ya 1950 wakoloni walileta sangara kutoka Ziwa Albert, hoja yao ilikuwa kwamba huyu samaki mkubwa atawameza hawa wadogo wasio na faida na kuwageuza kuwa nyama ya kuuzika, afu miaka ya 1970 hapa ghuba ya Mwanza zikaja meli za kukokota nyavu kuvua furu wakasagwe kuwa chakula cha mifugo. Sangara alikaa kimya kama miaka ishirini na kitu hivi watu wakadhani hana shida, halafu miaka ya 1980 akalipuka. Ni samaki anayeweza kufika mita 2 na kilo karibu 200, na mbele yake ziwa zima ni visamaki ambao hawajawahi kukutana na kiumbe wa namna hiyo. Ndani ya miaka michache tu furu wakaisha kwenye nyavu, aina kama 200 inaaminika zimepotea moja kwa moja. Mi nilikuwa darasa la kwanza au la pili hivi, ninachojua ni kwamba jiwe la bibi lilibaki tupu na hakuna aliyenieleza kwa nini.

Shuleni baadae tukafundishwa mfumo ikolojia, mwalimu anachora ubaoni nyasi, swala, simba, na sisi tunanakili, wakati ziwa lenyewe liko pale unasikia mawimbi. Laiti angetutoa nje akatuuliza furu walikuwa wanafanya kazi gani! Maana kila aina ilikuwa na kazi yake. Kuna waliokula mwani na uchafu unaozama chini, kuna waliokula konokono, wengine wadudu wa majini, wengine vile vijidudu vinavyoelea ambavyo huvioni kwa macho, na wengine walikula furu wenzao. Yani ni kama mtaa, yupo fundi, yupo mama ntilie, yupo mzoa taka, sasa chukulia wote wameondoka usiku mmoja na mtaa umebaki na tajiri mmoja mwenye njaa. Mwani ukastawi, ukifa unazama, ukioza unakula oksijeni ya kule chini, na samaki wanakimbia hicho kina. Sio kuondoka kwa furu peke yake kulikoleta hilo, mashamba ya kando ya ziwa, ukataji miti na majitaka ya miji vilishaanza kumwaga rutuba ziwani kabla, ila waliokuwa wanapunguza mzigo ndo tuliwaondoa.

Kuna jambo moja nilipolisoma nilikaa kimya muda mrefu. Furu jike anachagua dume kwa rangi, hawa wekundu, wale wa bluu, ndo namna aina zilivyokaa mbalimbali miaka yote. Maji yakichafuka rangi hazionekani vizuri, jike hatofautishi, wanazaliana kwa kuchanganyika na aina mbili zinageuka moja. Samaki anapotea bila hata kuvuliwa wala kuliwa na sangara, tope tu.

Na nchi kavu nayo iliguswa. Furu alikauka kwa jua, bure. Sangara ana mafuta mengi, jua halimwezi, lazima umkaange au umbanike kwa moshi, na moshi ni kuni. Samaki mmoja amebadilika majini, miti inaanguka milimani. Ukielewa hapo umeelewa ikolojia, huhitaji kukariri tafsiri.

Ila sitamtukana sangara. Mjomba wangu alijenga kwa sangara na ada yangu ya sekondari ilitoka huko, viwanda vya minofu vilipoanza miaka ya 1990 vijana wengi wa visiwani walipata kazi na hela ya Ulaya ilifika mpaka kwetu. Lakini minofu ikiondoka kilichobaki ni mapanki, mifupa na kichwa, na kuna kipindi mama alikuwa anakaanga hayo mapanki kwa sababu samaki mzima hatuuwezi bei, sisi tuliozaliwa juu ya maji. Mwaka 1987 tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland ilisema maendeleo endelevu ni kutimiza mahitaji ya leo bila kuwanyima wa kesho uwezo wa kutimiza ya kwao. Miaka ile ile furu walikuwa wanamalizika huku, na hesabu iliyopigwa ilikuwa ya tani na dola tu, bibi na jiwe lake hawakuingizwa popote.

Sasa hivi sangara mwenyewe ndo anasakamwa. Nilimpigia mjomba, shkamoo, marahaba, habari za huko, akaniambia wakubwa ni wa kutafuta, nyavu za macho madogo na makokoro, zile nyavu ndefu za kuvutwa mpaka ufukweni, zinazoa mpaka watoto wakati sheria inakataza sangara chini ya sentimita 50, na bondo, kile kifuko cha hewa tumboni mwa sangara, limepanda thamani kwa ajili ya soko la China kiasi kwamba watu wanaliwaza kuliko nyama yenyewe. Nikamuuliza, mjomba, furu wanaonekana? Akasema wanaonekana, sio kama zamani, ila wapo, wanapanda na dagaa usiku wakitega taa. Na kweli watafiti nao wameona hivyo tangu miaka ya 1990, sangara alipopunguzwa baadhi ya furu walianza kurudi, hasa wale wanaokula vile vijidudu vinavyoelea. Aina zilizopotea hazirudi, lakini hawa wachache wamerudi wenyewe bila mradi wala semina. Mi nataka tuwape nafasi: makokoro yatoke, mazalia ya kandokando kwenye matete yaachwe, majitaka yasafishwe kabla hayajaingia ziwani. Na tuwahesabu. Kwenye takwimu za mialo, kule samaki wanakoshushwa, furu wawekwe kwa jina lao.

Jioni nilimwaga wale dagaa kwenye ungo mimi na binti yangu wa miaka tisa tukaanza kuchambua mchanga. Nilimwambia akiona samaki mnene kidogo, mwenye miba mgongoni, amweke pembeni kwenye kisahani. Tulipata kumi na moja. Akauliza mama huyu anaitwa nani, nikamwambia furu, akaniuliza kwani anakula nini.