Mikono Itakaposema

Ndugu zangu katika imani, assalaam alaykum. Wiki hii aya moja ya Surat Yasin imenishika na haijaniachia. Tulikuwa katika matanga ya bibi yetu, kijijini karibu na Wete, Pemba, na siku ya tatu nilipoifikia aya ya 65, isemayo kwamba siku hiyo vinywa vitazibwa, mikono itasema na miguu itatoa ushahidi, sauti ilinikatika. Aya hii naisoma kwa moyo tangu nilipokuwa chuo cha Kurani, lakini safari hii niliisoma huku nikiwaza mikono na miguu ya mtu ninayemjua.

Bibi hakuujua mwaka aliozaliwa. Alilolijua ni kwamba Mapinduzi ya 1964 yalimkuta na watoto watatu na mimba ya wa nne. Katika ujana wake alicheza lelemama, na wanaoijua wanakumbuka kuwa ni ngoma ya wanawake, ya mwendo wa taratibu, wachezaji wamejipanga safu kwa sare moja, na uzuri wake umo mikononi. Aliiacha kabla sijazaliwa. Mimi nimemjua akiamka kabla ya adhana ya alfajiri, akilea wajukuu na vitukuu, na kila msimu akiketi jamvini kuchambua karafuu mpaka vidole vikabaki vyeusi. Uzee ulipomrudisha nyuma, kama sura hiyohiyo inavyotueleza, alisali kwa kukaa, kisha kwa kulala, na hakuiacha sala.

Siku hiyo, barazani, mtu mmoja alisema: "Mwenyezi Mungu amsamehe, maana ujanani alikuwa mtu wa ngoma." Wengine wakaitikia amin. Nami nawaambia kwa mapenzi, ndugu zangu, kwamba zipo dua ambazo ndani yake mna usengenyaji. Mtume wetu (S.A.W.) ametukataza kuwatukana waliokufa, kwa kuwa wameshayafikia waliyoyatanguliza, hadithi hiyo Imam Bukhari ameipokea kutoka kwa Bi Aisha. Surat Al-Hujurat imemfananisha msengenyaji na mtu anayekula nyama ya ndugu yake aliyekufa, na sisi twafanya hivyo hali udongo wa kaburi haujakauka. Anayemtakia maiti msamaha na amwombee, na aibu aliyoisitiri Mola aiache katika sitara yake. Tena nani kati yetu aliyepewa daftari la Bibi alisome?

Hayo nilipaswa kuyasema palepale barazani. Nilinyamaza, na sababu ya kunyamaza kwangu ndiyo iliyonikosesha usingizi wiki nzima.

Nilipokuwa na umri wa miaka 22 nilirudi kutoka masomoni Unguja na elimu kidogo na ukali mwingi. Ukutani kwa Bibi palikuwa na picha ya wanawake saba waliovaa sare, mikono wameinyoosha mbele, naye akiwa wa tatu kutoka kushoto. Nilitarajia wageni, wenzangu wa darsa, nikaona haya, nikaitungua na kuifukia chini ya sanduku la nguo. Bibi aliuona ukuta mtupu asiseme kitu. Baada ya siku tatu, tukichambua karafuu, aliniambia bila ya kuinua macho:

"Mjukuu wangu, ngoma niliiacha mwenyewe, sikuachishwa na mtu. Lakini hao wa kwenye picha ndio walionishika mkono nilipofiwa na babu yako. Watatu wameshatangulia, na wote nimewaosha mimi. Sasa ukiwaficha wao, mimi utaniweka wapi?"

Sikuwa na jibu. Chama chao cha ngoma ndicho kilichowafundisha kuchangiana katika arusi na misiba, na sare zilipochakaa, kuchangiana hakukuchakaa. Tangu hapo nilimwona mara nyingi akitoka usiku, kanga mbili na taa, kwenda kumwosha maiti wa nyumba isiyo na mtu. Mikono ile iliyosifiwa uwanjani ndiyo iliyokunja sanda, na miguu ile ndiyo iliyokwenda msibani kabla hajaitwa. Sisi ndio tunaotaka kuyakata maisha yake vipande viwili, tukakionesha kimoja na kukifukia kingine, ilhali Mola, aliyewakataza waja wake kukata tamaa na rehema yake katika Surat Az-Zumar, amempokea mtu mmoja mzima.

Kwa hiyo aya ile sikuilia kwa ajili ya Bibi. Mkono wangu uliotungua picha nao una la kusema, na ulimi ulionyamaza barazani vilevile. Bibi alinisamehe siku ileile. Najua, kwa kuwa alinipakulia chakula yeye mwenyewe. Lakini wenzake sikuwaomba radhi, na katika wale saba amebaki mmoja tu, bi mkubwa anayeishi Mtambwe, ambaye matangani aliletwa akishikwa mkono na kitukuu chake. Jumamosi, Mwenyezi Mungu akijaalia, nakwenda kwake na picha ile.

Ewe Mola, waghufirie sita waliotangulia, yapanue makaburi yao, na umpe afya aliyebaki. Msomeeni Bibi yetu Al-Fatiha.