Hidromita ilisema sawa, konokono wakakataa: tangi langu la maji ya bahari Tabata

"Maji ya bahari ni maji na chumvi tu." Maneno haya niliambiwa na mwenye duka aliyeniuzia pampu, na jirani yangu aliyewahi kufuga samaki wa maji baridi akayarudia neno kwa neno. Yalinigharimu konokono sita na miezi miwili. Leo tangi langu la lita 200 liko sebuleni Tabata, linaingia mwaka wa pili na maji yake yametulia, na bado nikimsikia mtu akimwambia hivyo anayeanza, damu inanichemka.

Tangi lenyewe alilitengeneza fundi wa vioo. Kazi yangu ilikuwa maji.

Nilinunua chumvi ya mawe sokoni, kilo saba, kwa sababu maji ya bahari hubeba takribani gramu 35 za chumvi kwa lita. Gharama haikufika hata bei ya kuku. Nikaikoroga kwenye maji ya bomba niliyoyalaza siku mbili klorini itoke. Hidromita, kifaa kinacholinganisha uzito wa maji na ule wa maji yasiyo na chumvi, ikasoma 1.025, pale pale panapotakiwa, nikafurahi sana. Nikatia konokono sita wa baharini. Siku ya kwanza hakuna aliyetoka. Siku ya pili mmoja alitoa nusu ya mguu, akaurudisha na kufunga kifuniko chake. Siku ya nne niliinua mmoja karibu na pua, harufu ikaniambia yaliyobaki. Amonia, sumu inayotokana na uchafu na vitu vinavyooza, nilikuwa nimeipima, haikuwepo.

Mjomba akaniletea vipimo vingine vya matone kutoka Dubai. Kile cha KH, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi, unadondosha dawa kwenye kichupa na kuhesabu matone mpaka buluu igeuke njano, kila tone digrii moja. Maji ya bahari huchukua kama matone saba. Yangu, tone la kwanza buluu, la pili buluu iliyofifia, la tatu njano tupu. Nikarudia mara tatu dirishani, kichupa kikiwa mbele ya karatasi nyeupe. Tatu, tatu, tatu. Kalsiamu, ambayo baharini ni kama miligramu 410 kwa lita, haikufika 100. Magnesiamu hukaribia 1,300 huko baharini. Kwangu ilikuwa kidogo mno.

Jibu nilikutana nalo Bagamoyo, nilikokwenda harusini. Kesho yake asubuhi nilipita kwenye mabwawa ya chumvi, nikamkuta mzee mmoja akikokota chumvi kwa reki ya mbao.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamwuliza kwa nini maji yanahamishwa bwawa hadi bwawa. Akagonga sakafu ya bwawa la mwanzo kwa kisigino: ukoko mweupe, mgumu. Hiyo chokaa, akasema, ndiyo inayotangulia kushuka. Inafuata jasi. Ndipo chumvi yenyewe.

"Na maji yanayobaki juu?"

"Hayo machungu, tunayamwaga. Ukiyaacha, chumvi haikauki, na kwenye mboga hailiki."

Nilichovya kidole nikaonja. Ule uchungu ulikaa ulimini mpaka gari linafika Bunju. Hiyo ndiyo magnesiamu! Kwa hiyo kalsiamu ilibaki kwenye mabwawa ya mwanzo, magnesiamu ikamwagwa mwishoni, na mfuko niliobeba kutoka sokoni ulikuwa chumvi ya chakula tu. Hidromita hupima uzito wa maji. Kinachoyapa uzito haikijui.

Chumvi maalumu ya matangi, ile inayoagizwa nje, ina madini yote, lakini bei niliyotajiwa ilikuwa karibu ya pampu na taa kwa pamoja. Nami naishi jiji lenye bahari.

Hapo napo usikurupuke. Nilipochota Coco Beach wakati wa masika, hidromita ilisoma 1.018, mvua na Mto Msimbazi vilikuwa vimeyazimua maji, mbali na uchafu unaoshuka na mto huo. Nikasubiri kiangazi. Siku ya bamvua nikakodi kirikuu, nikavuka Daraja la Nyerere hadi Kigamboni na madumu kumi na mawili ya lita 20, nikachota alasiri maji yakiwa yamejaa kabisa. Madumu yaoshwe bila sabuni. Nilichuja kwa kitambaa cha tui, nikayalaza gizani wiki nzima. KH saba. Kalsiamu 410. Nilikaa chini nikashukuru.

Mawe nilitumia yale ya matumbawe ya kale ya kujengea, makavu. Matumbawe hai sheria inakataza kuyang'oa, na ni haki ikataze.

Kuzalisha bakteria wanaokula amonia, nilinunua kamba mmoja soko la samaki la Feri, nikamfunga kwenye soksi na kumzamisha. "Baba Asha, sebule inanuka soko," mama watoto aliniambia, na alikuwa na haki ya kulalamika. Amonia ilipanda wiki ya kwanza, naitraiti, sumu nyingine ambayo bakteria huigeuza amonia kuwa, ikafuata, na siku ya 34 zote mbili zikasoma sifuri, imebaki naitreti, ambayo haina madhara makubwa. Yule wa duka aliniambia siku tatu zinatosha.

Joto la Dar nalo. Maji yalifika nyuzi 31. Feni ya mezani ikipuliza juu yake inayashusha hadi 27, lakini yanapungua lita nne kwa siku. Wengi huongezea maji ya bahari. Usifanye hivyo, kinachoruka ni maji, chumvi inabaki. Wiki niliyosafiri bila kuongeza, nilikuta 1.029. Nimebandika utepe kwenye kioo, kila asubuhi najaza hadi pale kwa maji yaliyochujwa ya duka la maji ya kunywa. Kisima chetu kina chumvi, na maji yanayodondoka kwenye AC siyagusi kwa sababu ya shaba ya mabomba yake. Shaba huua konokono.

KH ikishuka, kijiko kimoja cha chai cha magadi soda ya keki hupandisha digrii moja hivi kwa lita 200. Kiyeyushe kwanza, mimina taratibu. Magadi ya maharage ni kitu kingine, yaache jikoni.

Mwezi wa tano tangu nijaze tangi niliona nyuma ya jiwe, karibu na pampu, doa la zambarau dogo kama ukucha. Ni mwani unaojijengea chokaa, hauoti maji yakikosa kalsiamu. Nilimwita mama watoto na tochi saa nne usiku aje aone. Sasa umefunika upande mzima wa mawe, na kila Jumamosi naukwangua kwenye kioo cha mbele kwa kadi ya zamani ya benki, huku konokono wapya wakipita pembeni.