Mgeni wa Windsor

Kiingilio cha Ngome ya Windsor, makao ya wafalme wa Uingereza, kinazidi pauni 30, na nilipoambiwa kwamba punguzo la vijana linakomea umri wa miaka 24, huku kitambulisho changu cha chuo kikiwa hakina uzito wowote mbele ya karani, nilitamani kugeuza na kurudi kwenye treni. Sisi tuliokulia Mombasa tunajua mwananchi analipa ngapi pale Fort Jesus, na tunajua mtalii anatozwa ngapi. Hapa mzaliwa wa Slough, mji jirani, na mtu wa Likoni wanalipa sawa, jambo ambalo bado sijaamua kama ni haki au ni dharau. Nililipa kwa sababu nauli ilikuwa imeshatoka, na kwa sababu anayesoma mchana na kubeba maboksi usiku hapati siku tupu mara kwa mara.

Ngome yenyewe, nisiseme uongo, inapendeza. William Mshindi aliianzisha karne ya 11, na wafalme hawajaacha kuitumia tangu hapo. Moto wa Novemba 1992 uliharibu vyumba zaidi ya mia moja; ukarabati ulikamilika mwaka 1997 kwa pauni milioni 36.5, na nyingi kati ya hizo zilitokana na kuwafungulia watalii Kasri la Buckingham kwa malipo. Basi msishangae bei.

Kilichonichoma ni nyumba ya wanasesere ya Malkia Mary, iliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, kila kitu ndani yake kikiwa kimepunguzwa mara kumi na mbili. Ina taa za umeme, ina lifti, na mabomba yake yalitengenezwa yatoe maji kwelikweli, choo nacho kikavuta. Nilisimama hapo nikimfikiria mama na mitungi yake ya lita ishirini, na yule mwenye mkokoteni anayepandisha bei kila mifereji ya Kisauni inapokauka.

Katika Kanisa la Mtakatifu George, mhudumu mmoja mzee aliniuliza natoka wapi. Nilipomtajia Kenya alifurahi, akanipeleka hadi palipo na bamba jeusi lenye jina la Elizabeth II chini ya yale ya wazazi wake, akanisimulia habari za Nyeri na Februari 1952, alipokuwa huko baba yake akafariki naye akawa malkia, kana kwamba nami ni mmoja wa wafiwa. Katika nchi ambayo mtu hukaa kiti kimoja nawe kwenye basi mwaka mzima bila salamu, ukarimu huo ulinishangaza. Ndipo nikamuuliza alipo Alemayehu.

Alemayehu alikuwa mwana wa Mfalme Tewodros wa Ethiopia. Waingereza walipoiteka Maqdala, ngome ya Tewodros, mwaka 1868 baba yake alijiua, naye akachukuliwa akiwa na umri wa miaka saba hivi. Mama yake alifariki wakiwa safarini. Kijana huyo alifia Leeds mwaka 1879, ana miaka 18, na Malkia Victoria akataka azikwe Windsor. Bamba lake la shaba lina maneno ya Injili: nalikuwa mgeni, mkanikaribisha. Ethiopia imeomba arudishwe kwao, na mwaka 2023 wakuu wa Kasri la Buckingham walijibu kwamba haiwezekani kumfukua bila kuwasumbua wengine waliolala karibu naye. Mimi nimekuja kwa hiari yangu, nimelipa karo, nimelipa ada ya huduma ya afya, pauni 776 kwa kila mwaka wa viza, na siku nikichoka nitakata tiketi nirudi nyumbani. Yeye hakuulizwa alipoletwa, na sasa wanaoombewa radhi ni majirani zake wa kaburini. Mzee yule alisema angekuwa na amri angemrejesha kwao kesho.

Mnaojiandaa kuja kusoma, fahamuni kwamba Jumanne na Jumatano ngome hufungwa, na kwamba aliyenunua tiketi moja kwa moja kwa wasimamizi wa ngome aombe igeuzwe kuwa ya mwaka mzima kabla hajatoka langoni. Yangu nimeigeuza. Mwenzangu wa Addis Ababa tunayesoma naye amekataa katakata kulipa ili amsalimu mwana wa mfalme wake, kwa hiyo tutakwenda pamoja wakati wa ibada ya jioni, ambayo haina kiingilio.