Nilivyoondoa ukaguzi wa kwenye karatasi tu katika malori ya platuni

Nilipokabidhiwa usimamizi wa malori sita ya platuni, jambo la kwanza lililonitia shaka lilikuwa usafi wa fomu za ukaguzi. Kwa wiki tatu mfululizo hapakuwa na hitilafu hata moja iliyoandikwa, na fomu zote zilikuwa na mwandiko mmoja na wino mmoja. Lori la jeshi linalokaa wiki tatu bila kasoro yoyote sijawahi kuliona.

Sikumwadhibu mtu. Nilimwita dereva mmoja, nikamtaka anipimie oili ya injini. Alichomoa kijiti, akakisoma papo hapo bila kukifuta, na lori lenyewe lilikuwa limeegeshwa kwenye mteremko. "Iko sawa, afande," akasema. Nikamwamuru alisogeze lori mahali tambarare, azime injini na asubiri oili ishuke, kisha akifute kijiti kwa kitambaa, akirudishe mpaka mwisho na kukichomoa tena. Safari hii oili ilikomea chini ya mstari wa kiwango cha chini kabisa. Kijana hakuwa mvivu. Hakuna aliyewahi kumwonyesha.

Tangu siku hiyo niliweka sharti kwamba kitabu cha mwongozo kiwe wazi wakati wote wa ukaguzi, hata kwa dereva anayedai amekikariri, kwa sababu vipimo huchanganyika kichwani: oili ya injini hupimwa injini ikiwa imezimwa, ilhali ile ya giaboksi ya otomatiki, katika magari mengi, hupimwa injini ikiunguruma na oili ikiwa imeshapata moto. Mmoja alisoma kipengele kwa sauti, mwenzake akakitazama au kukishika. Ilichukua muda mrefu, na manung'uniko yalikuwepo.

Kuhusu uvujaji niliazima madaraja matatu yanayotumiwa na Jeshi la Marekani, kwa kuwa yanamwondolea dereva kubahatisha: daraja la kwanza ni unyevu usiotosha kufanya tone, la pili ni tone lililojiunda lakini halidondoki, na la tatu ni tone linalodondoka. Oili ya injini ya daraja la kwanza au la pili tuliweza kutembea nayo huku tukiipima mara kwa mara. La tatu lilikwenda kwa fundi. Kwa breki na dizeli, sikuvumilia hata unyevu.

Hata hivyo, kazi kubwa ilikuwa kuwashawishi kwamba ukaguzi wa baada ya safari ndio unaosema mengi, maana kila dereva akifika hutaka kuoga na kulala. Gari likiwa bado na joto huonyesha mambo ambayo asubuhi hayaonekani. Tulifungua vali za matangi ya hewa ya breki ili maji yatoke, tukayaona yakitoka na rangi ya kutu, na baada ya hapo nilikagua habu zote, yaani vitovu vya magurudumu, kwa kusogeza mgongo wa kiganja karibu na kila moja bila kuigusa. Habu yenye joto kupita wenzake huenda ina breki inayong'ang'ania bila kuachia au beringi inayokufa.

Wiki ya kwanza fomu zilirudi na hitilafu 19, na malori mawili yakasimamishwa. Mkuu wangu aliniuliza kwa nini magari yaliyokuwa mazima yameharibika mikononi mwangu. Nilimjibu kwamba yalikuwa hivyo hivyo, ila sasa yameandikwa. Hakufurahi, lakini aliidhinisha vipuri.

Yapata mwezi mmoja baadaye, baada ya msafara wa usiku, yule dereva wa kijiti alinifuata akiwa na fomu mkononi. Fundi alipoifungua habu aliyoilalamikia, alikuta grisi imeungua na kuwa nyeusi, na beringi imeanza kumeguka. Kwenye fomu, kwa mwandiko wake mwenyewe uliopinda, alikuwa ameandika: "Habu ya nyuma kushoto ina moto kuliko zile tano nyingine."