Inzi aliyetoka ndani ya mbawakawa

Jumamosi nilikuwa shambani kwa shangazi, Ganda, nikitoa mbawakawa wekundu kwenye majani ya maboga. Mmoja alikuwa mzito wa mwendo, tumbo limevimba. Nikamtia kwenye chupa ya jemu pamoja na jani bichi, mdomoni nikafunga kipande cha chandarua ili inzi wa nje wasije kutaga kwenye mzoga nikadanganyika.

Siku ya tatu amekufa, na kando yake pupa ya kahawia (kifuko ambamo funza hugeuka kuwa inzi), ndogo kama punje ya mtama. Siku tisa baadaye akatoka inzi wa kijivu, nywele ngumu nyeusi zimemsimama tumboni.

Nilimtazama kwa lenzi. Mshipa wa bawa umepinda karibu na ncha, lakini hata inzi wa nyumbani anao huo. Kilichonihakikishia ni uvimbe wa mviringo chini ya kile kijingao, kipande kidogo kama ngao kilicho nyuma ya mgongo: huyu ni wa familia ya Tachinidae, inzi ambao funza wao hukua ndani ya wadudu wengine na kuwaua.

Nimemhifadhi pamoja na ganda la pupa na mbawakawa wake, tarehe na mmea nimeandika. Wasitenganishwe kamwe! Shangazi amekubali kutopulizia dawa matuta mawili ya mwisho, ili inzi kama huyu wasiuawe.