Kumbukumbu ya mradi wangu: herufi kumi na moja kwenye ukanda mweusi

Jumamosi, wiki ya kwanza

Ukanda wa filamu umefika. Mita 30 za milimita 16, mweusi tititi mwanzo hadi mwisho, wenye matundu pande zote mbili. Pesa za zamu mbili za jikoni zimeishia hapo. Nimepiga hesabu nyuma ya risiti: ni fremu (vyumba vya picha moja moja) 4,000 hivi, projekta inapitisha 24 kwa sekunde, basi filamu yangu nzima haifiki dakika tatu. Kamera sina, waigizaji sina. Nina sindano ya kushonea, kisu cha kukatia karatasi na kioo cha kukuzia nilichoazima kwa jirani.

Ufundi huu wa kukwaruza maneno juu ya ukanda wenyewe sikuuzua mimi. Mwaka 1981 Su Friedrich, mtengeneza filamu Mmarekani, alichukua ndoto alizoziandika kwenye shajara yake akazikwaruza neno baada ya neno juu ya ukanda: Gently Down the Stream, dakika 14, bila sauti. Niliitazama hapa Berlin, na kilichonishika zaidi ya ndoto zenyewe ni jinsi herufi zinavyotetemeka, maana hakuna mkono unaoweza kuandika neno lilelile mara ishirini likatoka sawa. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisaka filamu fupi za wapenzi wa jinsia moja zilizotengenezwa kwa vitu vya nyumbani. Sadie Benning, akiwa kijana wa miaka kumi na kitu, alijirekodi chumbani kwake kwa kamera ya kuchezea watoto iliyotumia kaseti za muziki. Barbara Hammer, 1974, alirundika picha 110 ndani ya dakika 4. Hakuna aliyengoja apewe studio.

Yangu inamhusu mtu aliyekuwa akinisubiri kwenye kivuko cha Likoni. Sura yake haitaonekana kwa sababu bado anaishi kule, vifungu 162 na 165 vya sheria ya jinai ya Kenya, vinavyotumika dhidi ya wapenzi wa jinsia moja, bado vipo, na Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta. Wenzetu wa Nest Collective, kundi la wasanii pale Nairobi, walipotengeneza Stories of Our Lives, filamu fupi tano zilizounganishwa kuwa moja, walianza kwa kuficha majina. Watatu walijitokeza ilipoonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto, 2014. Nyumbani bodi ya filamu ikaizuia, na Februari iliyofuata ikapata tuzo ya jopo la Teddy, tuzo za filamu za wapenzi wa jinsia moja kwenye tamasha la hapahapa Berlin. Mimi sina ujasiri wao, ila sindano ninayo.

Jumatano, wiki ya pili

Kujua upande wa kukwaruza: gusisha ukanda kwenye mdomo uliolowa. Upande unaonata ndio wenye rangi. Nilidhani ni utani wa mafundi, lakini kweli unanata.

Halafu kuna jambo ambalo sikuambiwa. Weusi huu una tabaka. Ukikwaruza juujuu inatoka kijani, ukizamisha kidogo inakuwa njano, ukifika chini kabisa ni uwazi mtupu, yaani mwanga. Kwa hiyo herufi moja inaanza kijani pale mkono ulipoogopa na kuishia nyeupe pale ulipojisahau.

Kazi ya jioni nzima: fremu 48. Sekunde mbili.

Jumapili, wiki ya nne

Fremu ina upana wa milimita 10 hivi, na neno langu, ALINISUBIRI, lina herufi kumi na moja. Nikaona nilikate vipande: ALI, kisha NI, kisha SUBIRI, kila kimoja nusu sekunde. Leo tumeujaribu kwenye karakana, watu wanne na projekta inayokoroma kama babu.

Kwanza maneno yalitoka kinyumenyume. Rangi ilielekea lenzi badala ya taa, kwa hiyo ukutani pakasomeka ILA, tena L imegeukia upande wa pili. Nikajisemea sawa, ila ndiyo hiyo, kasoro imejitaja yenyewe. Tukageuza ukanda (asante, matundu ya pande mbili).

Ikasomeka sawasawa, na rafiki yangu wa Unguja akaniuliza, "We! Huyo Ali ndiye mchumba?"

Nilicheka mpaka nikakohoa, kisha nikanyamaza. Nilichagua Kiswahili kwa sababu ya ile "a" ya mwanzo, isiyosema mke wala mume. Nikaikata vibaya, na mara moja nikamzalisha mwanamume mwenye jina.

Alhamisi, wiki ya tano

Nimerudi mezani kuliangalia neno upya, na kumbe limejaa watu. Toa A mbele na SUBIRI nyuma: LINI. Toa ALI: NISUBIRI. Swali lake yeye na ombi langu mimi, vyote vimekaa ndani ya neno moja nililoliandika mamia ya mara bila kuviona.

Basi mpango umebadilika. Naandika neno zima kwa safu mbili, ALINI juu na SUBIRI chini, kwa sindano nyembamba kuliko zote. Kisha naacha herufi zizimike moja moja: LINI peke yake gizani kwa sekunde nzima, giza tupu kwa sekunde tatu, halafu NISUBIRI. Ali hatajitokeza tena.

Wiki ya saba

Sentensi ya tatu ni ALINIPAKA HINA. Nilitaka kuiondoa. "A" inaficha, lakini mwanamke yeyote wa Mombasa akiona hina anajua mkono uliopaka ulikuwa wa nani. Nimeibakiza. Mama humwita "shoga yako", kwa maana ya kina mama wa pwani, rafiki wa kike wa chanda na pete, na mimi huitikia kwa maana zote mbili.

Waandaaji wa onyesho wanataka tafsiri ya Kiingereza chini ya picha. He, yaani mwanamume, au she, mwanamke? Mwenzangu mmoja kasema niandike they, "wao" inayotumika pia kwa mtu mmoja, lakini mimi nikiisoma naona kundi zima limesimama kivukoni. Nimekataa. Watagawiwa karatasi mlangoni, na mstari wa kwanza unaeleza: "a: mtu mmoja, si mimi wala si wewe."

Jumapili, wiki ya nane

Nimemtumia mama sekunde ishirini nilizozirekodi ukutani kwa simu. Akajibu kwa ujumbe wa sauti, nyuma yake kuku wakilia: "Mwanangu, mbona imetetemeka hivyo, macho yaniuma. Na huyo aliyekusubiri, jua lote lile la Likoni, hukumnunulia hata maji?"

Sikumnunulia. Zimebaki fremu 1,260, na sindano mbili.